Shoga, nishonee nguo isiyopepea

Mtwara, Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Nasra,

Assalaam aleykum. Hujambo wewe, na wanao, na bibi? Mguu wake unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila mafua ya kusi yameingia nyumba nzima, kila chumba kinapiga chafya. Salamu nazikatia hapo, maana nina shida, na nikianza kuzunguka utasema Mama Iddi huyo kaanza hadithi zake.

Nataka unishonee nguo. Usicheke kwanza. Si dira, wala si gauni la harusi ya Bi Mkubwa (hilo nalo lipo, tutaliongea). Nataka nguo ya kuendeshea baiskeli, na si ile ya kwendea sokoni. Ya mbio.

Ndiyo, mimi. Najua sura uliyoiweka hapo ulipo. Iddi aliiweka, na baba yake akaiweka kwa muda mrefu zaidi, mpaka chai yake ikapoa.

Aliyeniponza ni Mwalimu wa Hesabu na simu yake. Mwaka jana, 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika, alikuwa anatuwekea pale chumba cha walimu tukisahihisha madaftari. Wenzangu walipenda yale makundi makubwa. Mimi zilinikamata zile mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa. Unaachiwa peke yako, mbele yako hayupo mtu, nyuma yako hayupo mtu, na saa ndiyo inayosema nani mshindi. Siku hiyo Remco Evenepoel wa Ubelgiji aliondoka dakika mbili na nusu nyuma ya Tadej Pogačar, huyo Mslovenia anayemtesa kila mtu, na akamkuta barabarani akampita! Mtu umempa dakika mbili na nusu anakuja kukupita unamwangalia. Nikasema huu ndio mchezo wangu, maana wewe unanijua, kusukumana siwezi, na kupiga kelele za kundi siwezi, lakini kushindana na saa ya ukutani ndiyo maisha yangu yote tangu niolewe.

Basi tukaanza na sisi. Jumamosi, alfajiri ikishaswaliwa na malori ya saruji hayajachachamaa, tunakutana njia ya Mikindani. Kilomita nane kwenda, nane kurudi. Inakaribia maili kumi, umbali ambao Waingereza nao humwanzishia mtu mgeni. Tunaachiana dakika moja moja. Mmoja anakushikilia tandiko ili miguu yote miwili iwe tayari kwenye pedeli, mwingine anahesabu: tano, nne, tatu… Wallahi ile "tatu" moyo unaruka, na ni barabara ile ile ninayopanda daladala kila siku.

Kuhusu baiskeli usiwe na wasiwasi, sikununua kitu. Ni ile ile ya mtumba aliyoniletea shemeji kutoka Unguja. Nilimpelekea fundi nikamwambia toa keria, toa kikapu, toa madigadi, pandisha tandiko mpaka mguu ukaribie kunyooka chini, jaza tairi upepo hadi zigome kubonyea kwa kidole. Akagoma kutoa keria. "Sasa mama, mihogo utabebea wapi?" Ilibidi nimwapie kwamba nitairudisha. Cheni akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaipaka oili kidogo, na hapo tu nikaona tofauti.

Sasa turudi kwenye nguo, maana ndiyo barua yenyewe.

Kumbe adui si kilima wala joto. Ni upepo, shoga, hata siku ambayo majani hayatikisiki. Ukishafika mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia kusukuma hewa, na kinachogongana na hewa hiyo zaidi si baiskeli, ni mwili wako na ulichovaa. Mwalimu alituchorea ubaoni: ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakukaba mara nne, na nguvu utakayotakiwa kutoa inafika mara nane. Nikamwambia afute, ananikatisha tamaa.

Ndiyo maana watu wanainama vile. Unakunja viwiko, unakishusha kichwa kati ya mabega, magoti hayatanuki. Mimi najifunzia uani, baiskeli nimeiegemeza ukutani. Mama mkwe alinikuta nimeinama hivyo nimetulia kimya, akauliza nimedondosha nini.

Na kila ninapokwenda navaa ile tisheti kubwa ya Mwenge, na skintaiti, na juu yake ile sketi ya krepu. Kwenda Mikindani raha tupu, kusi linasukuma mgongoni, unajiona bingwa. Ukigeuka sasa! Upepo unaingia shingoni, tisheti inajaa kama tanga la ngalawa, sketi inapiga mapaja pa pa pa pa, ncha za mtandio zinachomoka zinanichapa machoni. Mara ya mwisho nilimaliza kwa dakika 38 na ushei. Nataka nishuke chini ya 35, na Mwalimu anasema nusu ya deni hilo liko kwenye kitambaa. Sijui kama ni nusu, Mwalimu anapenda sehemu. Lakini ile pa pa pa naisikia mwenyewe.

Usidhani nazua. Mwaka 1989, Tour de France, zile mbio za siku nyingi za kuzunguka Ufaransa, Mfaransa Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho anaongoza kwa sekunde 50. Siku hiyo ilikuwa ya mmoja mmoja, kilomita 24 na nusu, Versailles hadi Paris. Mmarekani Greg LeMond akavaa kofia ndefu nyuma, akafunga na vyuma vya kuegemeza viwiko mbele ya usukani. Fignon kichwa wazi, nywele kazifunga mkia, mkia unapepea. Akapoteza zile sekunde zote 50 na nane juu yake. Mbio za zaidi ya kilomita 3,000, zimeamuliwa kwa sekunde nane! Sisemi ni nywele peke yake, hao watu wanabishana mpaka leo. Lakini mimi nikikumbuka ule mkia, nikatazama mtandio wangu, nakosa raha.

Najua swali lako la pili: na stara? Ndiyo maana nakuandikia wewe sikwenda dukani. Dukani wanauza vitu vya kubana kama ngozi, na mimi nina mama mkwe, nina wanafunzi, nina barabara nzima ya Mikindani inayonijua. Halafu sikia hii. Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa kujificha. Huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, chama cha waendesha baiskeli kilikuwa kimezikataza mbio za makundi barabarani kwa kuogopa baiskeli zote zisije zikafukuzwa njiani. Mwaka 1895 mwendesha baiskeli mmoja, F. T. Bidlake, akaandaa hizi za kuachiana mmoja mmoja, mpita njia asijue kama watu wanashindana. Walikutana alfajiri, njia zao wakazipa herufi na namba badala ya majina, na kwa miaka mingi wakavaa nyeusi kuanzia shingoni hadi vifundoni. Nilipomsimulia mama mkwe akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi hao walikuwa na wazazi." Tangu siku hiyo ananiamsha yeye.

Sasa kipimo. Hapa ndipo nakuomba utulie, weka chini hiyo kazi ya watu.

Usinipime nimesimama. Nimemfanya Iddi anishikie baiskeli, mtoto wa dada akanipima kwa futi kamba. Nikisimama, mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni ni inchi 16. Nikiinama na mikono ikiwa kwenye usukani, ni inchi 19 na nusu! Na mbele, kifuani hadi kiunoni, inapungua kabisa, kitambaa kinajikusanya tumboni. Kwa hiyo nyuma iwe ndefu, mbele fupi. Ukiivaa umesimama itaonekana imekosewa, itakuvuta mabega mbele. Iache hivyo hivyo, usije ukairekebisha kwa huruma. Mikono hadi kifundoni pa mkono, ibane, isiwe na pindo nene. Shingo juu, zipu fupi. Mfuko usiweke mbele, weka mmoja mdogo nyuma kiunoni wa funguo.

Chini nimefikiri hivi: skintaiti ya kitambaa kizito kinachovutika, kisichoonyesha, nyeusi, na juu ile nguo ishuke hadi katikati ya paja lakini pindo litiwe lastiki likamate paja, lisiachie upepo. Unaliona? Stara ipo, pa pa pa haipo. Pale pa kukalia tia kipande cha sponji nyembamba, na tafadhali mshono usipite pale katikati, uuhamishie pembeni. Nisiandike zaidi, barua hii anaweza kuifungua Nasra. Na kichwani kofia ya kitambaa hicho hicho inayofunika shingo na kuingia ndani ya nguo, helmeti ikae juu yake, hakuna ncha wala pini.

Halafu ule uzi wako wa kawaida utakatika nikiinama. Tumia oveloki, au ule mshono wa zigizaga uliomshonea yule bibi wa netiboli.

Umenichekesha sasa hivi nikikumbuka netiboli. Wewe na mapaja yako yale, unakaa kwenye cherehani mchana kutwa! Nimekwambia habari za Beryl Burton? Mama wa Yorkshire, huko huko Uingereza, mfanyakazi wa shambani. Mwaka 1967, mbio za kuendesha kwa muda wa saa kumi na mbili mfululizo, aliwakuta wanaume mmoja mmoja, mpaka akamfikia Mike McNamara, ambaye mwenyewe siku hiyo alikuwa anaweka rekodi ya wanaume. Akampa pipi. Akampita. Akamaliza na kilomita 446 hivi, zaidi ya yule bwana, na kwa wanawake rekodi hiyo ilikaa hadi 2017. Mimi pipi nimeshaanza kuziweka mfukoni, nangoja siku ya Afande.

Afande ndiye kesi yetu. Jumamosi hii kaja na dakika 31, jasho hana, anatabasamu. Kila wiki huyu mtu anatoka kwa fujo, akifika kwenye kugeuza ulimi nje, kurudi anatambaa, leo 31? Kijana wetu wa kwenye kona akasema ukweli: toka pale kulikuwa na bajaji mbele yake, imejaa wapwa zake wanamshangilia, na yeye kajibanza nyuma yake njia nzima. Shoga, hiyo haifai. Ukijificha nyuma ya mwenzio anakukatia upepo, nguvu zako zinabaki, ndiyo maana hata ukimkuta mtu unatakiwa umpite pembeni mbali, usimkalie mgongoni. Sembuse bajaji! Afande anasema bajaji si mshindani, kwa hiyo hakuna sheria aliyoivunja. Mwalimu anataka muda ufutwe. Fundi anasema muda ubaki ila tuandike jina la bajaji kwenye daftari. Nimecheka mpaka mafua yakazibuka, lakini bado hatujaelewana, na wiki ijayo itatokea bajaji nyingine.

Ndiyo maana tunakutaka na wewe mwenyewe, si nguo tu. Unayo ile saa ya kupimia ya enzi za UMISSETA, na hakuna anayethubutu kukubishia, hata Afande anakumbuka ulivyomtoa nje ya uwanja. Njoo kabla korosho hazijaanza kuvunwa, maana msimu ukifika ile barabara ni magunia na malori, hatutaweza tena mpaka uishe.

Sasa nijibu, usinijibu salamu tupu. Kitambaa cha kuvutika kinapatikana hapo Lindi au nimwagize wifi Dar? Yadi ngapi zitatosha, nawe unajua kiuno changu kilivyo? Lastiki ya pindo utaiweka ya upana gani isinikate damu? Unaweza kumpa konda wa asubuhi, au tumngoje baba Nasra akija? Salfa ya mikorosho mmepata, na mmeshapuliza? Bi Mkubwa amekuambia rangi ya sare au anatuchezea tena? Na kesi ya bajaji unaionaje: tufute, tuache, au tumwambie Afande arudie akiwa peke yake, wapwa wabaki nyumbani? Na bei? Usiniambie bure, nitakasirika, na pweza nishakukaushia.

Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama unaweza kumshonea na yeye ile kofia, anasema inakaa vizuri masikioni.

Mimi shoga yako,
Mama Iddi