Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu: damu haingoji ambulensi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Awasi. Mimi ni mhudumu wa bodaboda katika barabara ya Kisumu kwenda Kericho. Nilipata mafunzo ya huduma ya kwanza, na jioni abiria wakipungua huwafunza wenzangu stejini. Ombi langu nalitaja mapema ili lisipotelee katika maneno mengi: kaunti iwafunze watu wa bodaboda, makondakta na wakata miwa namna ya kuzuia damu inayotoka kwa wingi, iwape na vifaa vichache vya kazi hiyo. Ifanye hivyo kabla ya kununua ambulensi nyingine hata moja.

Najua maneno hayo ya mwisho yatawaudhi baadhi ya watu, hasa wawakilishi wadi waliowaahidi wananchi gari. Sipingi ambulensi. Mgonjwa akishatulizwa, hakuna anayetamani kumpakia nyuma ya Probox juu ya magunia ya mahindi. Lakini tupige hesabu pamoja. Mtu mzima ana damu ya takriban lita tano. Akipoteza mbili, yuko ukingoni mwa kaburi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu yaweza kumwishia kwa dakika tatu, nne, au tano. Sasa chukua ambulensi iliyo bora kuliko zote, tangi limejaa na dereva yuko macho, itoke Kisumu mjini ije Muhoroni. Ni karibu kilomita 50. Hata barabara ikiwa nyeupe pe, bila lori wala trekta la miwa, gari hilo litakuta kazi imekwisha, ama kwa heri ama kwa shari.

Anayeweza kuwahi dakika hizo ni yule ambaye tayari yupo. Katika barabara zetu, usiku na mchana, aliyepo ni mtu wa bodaboda.

Hatuhitaji kukumbushwa maana ya ajali upande huu wa nchi. Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa likielekea Kakamega lilianguka Fort Ternan, hapo jirani tu na Muhoroni, likaua zaidi ya watu 50. Juni 30, 2023, lori liliwafagia watu katika makutano ya Londiani, wachuuzi na wenzetu wa bodaboda wakiwemo, na waliokufa walizidi 50 pia. Agosti 8, 2025, basi la waombolezaji lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, pale Mamboleo, ndani ya kaunti yako mwenyewe, na zaidi ya watu 20 walifariki. Sisemi wote hao wangeokolewa. Wengi katika ajali kama hizo hufa papo hapo na hakuna mkono wa binadamu ambao ungewafaa. Nasema kwamba katika kila ajali ya namna hiyo wapo wanaobaki hai wakivuja damu, na wa kwanza kuwafikia ni mwanakijiji aliyesikia kishindo, akiwa na nia njema na mikono mitupu, asijue aanzie wapi.

Tena ajali kubwa ndizo zinazotangazwa. Kuna zile za mtu mmoja mmoja shambani ambazo hakuna redio itakayozitaja. Mkata miwa hushika muwa kwa mkono wa kushoto na kuukata chini kabisa, karibu na udongo, kwa panga iliyonolewa asubuhi hiyo hiyo. Muwa ukiwa na umande panga huteleza, na mbele yake pana muundi wa kushoto. Nimeshawabeba watu wa namna hiyo kutoka mashamba ya upande wa Chemelil na Muhoroni. Kidonda chenyewe mara nyingi kilikuwa cha kuzuilika. Kilichomfikisha mtu pabaya ni yaliyofanywa baada ya panga.

Yanayofanywa ni haya. Mmoja anakimbilia mafuta ya taa. Mwingine anafukia kidonda kwa sukari au majani ya chai. Wa tatu anatoa ule ukanda mwembamba wa tyubu tunaofungia mizigo, anauzungusha chini ya goti na kuukaza kiasi. Huo ukanda ndio unaonitia hofu kuliko mafuta ya taa. Ukikaza kwa wastani, unabana mishipa ya juu inayorudisha damu moyoni, huku ule wa ndani unaoileta damu ukiendelea kusukuma. Kidonda kinavuja zaidi kuliko kabla hakijafungwa, na watu wamesimama wakiamini wamesaidia.

Kisha mgonjwa anapakiwa mshikaki, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Mguu uliokatwa unaning'inia. Mkono uliokuwa umekandamiza kidonda sasa unatafuta pa kujishikilia, maana barabara ina mashimo. Wanaondoka kwa kasi ya ajabu kwenda hospitalini, na damu inachora mstari nyuma yao. Haraka hiyo inatoka moyoni, wala siwezi kumlaumu yeyote kwa kuwa na haraka. Lakini dakika mbili za kukandamiza kabla ya kuwasha pikipiki zina thamani kuliko dakika kumi za mbio.

Mambo yanayotakiwa kufundishwa si mengi, Mheshimiwa. Nayaandika hapa kwa sababu huenda barua hii ikasomwa na mtu atakayeyahitaji kesho, kabla ofisi yako haijajibu.

Mlaze mtu chini. Toa sauti, mmoja apige simu 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Mikono yako ifunike kwa glovu, na kama hakuna, mfuko wa plastiki unatosha. Pasua au sogeza nguo ili ukione kidonda chenyewe, kwa kuwa suruali nzito inaweza kunywa damu nyingi bila wewe kujua. Weka kitambaa safi kadiri unavyokipata, kandamiza kwa mikono miwili, viwiko vimenyooka, uzito wa mwili wako wote uwe juu yake. Usiinue kuchungulia. Kila ukichungulia unaing'oa damu iliyoanza kuganda. Kaa hapo dakika kumi kwa saa ya simu, si kwa kukisia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu na ukandamize zaidi. Kidonda kikiwa kirefu kwenda ndani, kwenye kinena, kwapani au shingoni penye bega, sukumia kitambaa ndani ya tundu mpaka lijae, kisha kandamiza. Kifuani na tumboni usisukumie kitu ndani. Na chuma au kijiti kilichozama mwilini kiache pale pale, ukandamize pembeni mwake, kwa sababu huenda ndicho kizibo.

Ikiwa ni mkono au mguu, na damu inaruka au haikomi hata ukikandamiza kwa nguvu zako zote, hapo ndipo pa mkanda wa kubana damu, ule ambao wauguzi huuita tonikweti. Huwekwa vidole vitatu au vinne kupita kidonda, upande wa moyo, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe. Ikiwa mkanda halisi haupo, mtu wa bodaboda ana cha kutumia mbadala. Leso, yaani kanga, iliyokunjwa ibaki pana kama vidole vitatu, izungushwe na kufungwa fundo, spana ya chini ya kiti iwekwe juu ya fundo na kufungiwa, halafu isokotwe mpaka damu ikome. Si ipungue, ikome. Itamuuma sana na atapiga kelele, endelea. Spana ifungwe isirudi nyuma. Andika wakati kwa kalamu kwenye paji la uso au mkononi mwake, na uandike kama simu inavyoonyesha, 14:20, wala si saa nane na dakika ishirini, maana hospitalini ndivyo wanavyohesabu. Usilegeze njiani kwa huruma. Mguu unaweza kuvumilia saa mbili hivi bila damu, moyo hauwezi. Mfunike kwa koti au blanketi, hata kama jua linawaka, kwa kuwa mwili uliopoa hugandisha damu kwa shida. Usimpe maji wala soda, hata akiomba.

Ni hayo. Kule Marekani, ambako kampeni ya kuwafunza raia wa kawaida kuzuia damu ilizinduliwa mwaka 2015, somo lake huchukua kama saa moja na nusu. Huo ni muda ambao stejini tunautumia kubishana juu ya Gor Mahia.

Damu ya uzazi siigusi hapa. Hiyo ni vita nyingine, na wakunga wako wanaijua kuliko mimi.

Utaniambia kwamba vifaa vipo, kwamba kila matatu hubeba sanduku la huduma ya kwanza. Naomba siku moja ushuke pale stendi ya mabasi na ufungue masanduku hayo wewe mwenyewe. Nimefungua mengi. Utakuta chupa ya spiriti iliyokauka, plasta ambazo gundi yake imekufa, pamba kidogo, na risiti za mafuta. Mengine yamefungwa kwa kofuli, na ufunguo uko kwa mwenye gari, Nairobi. Sanduku hilo limenunuliwa kwa ajili ya askari wa barabarani. Halikununuliwa kwa ajili ya abiria. Hata likiwa jipya na limejaa, plasta haizuii damu ya paja.

Kuna na hofu, na hii pesa pekee haiiondoi. Watu wengi husimama kando kwa kuogopa ukimwi. Waambiwe ukweli na mtu aliyevaa koti jeupe, wanayemwamini kuliko sisi: ngozi isiyo na kidonda ni kinga, glovu au plastiki inaongeza kinga, na akirukiwa na damu machoni au kwenye mchubuko aoshe na afike kituo cha afya mapema, ndani ya saa 72, apewe dawa za kuzuia. Wengine wanaogopa polisi. Wanasema ukimbeba majeruhi utaulizwa ulimgonga wewe, pikipiki ilale kituoni, na siku tatu za kazi zipotee. Polisi si wako, najua ni wa serikali kuu. Lakini wewe unaweza kuketi na kamanda wao, na nyote wawili mkaja kutoa tamko barazani, kwa Dholuo na Kiswahili, kwamba anayemleta majeruhi hospitalini hachukuliwi kuwa mshukiwa kwa sababu hiyo tu.

Wala sikuombi fadhila. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za afya, ambulensi zikiwemo. Na Sheria ya Afya ya 2017 inaposema matibabu ya dharura, inahesabu ndani yake huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufikishwa hospitalini. Kwa hiyo ile dakika ya tatu, mtu akiwa bado amelala kando ya lami pale Awasi, tayari iko ndani ya wajibu wa ofisi yako.

Naomba mafunzo yaje stejini. Mkituita hotelini mjini, watakuja viongozi wa chama chetu cha bodaboda kwa ajili ya marupurupu ya usafiri, na yule kijana anayelala na pikipiki usiku hatafika. Wafunzwe pia akina mama wanaouza mboga na chai pale, kwa kuwa wao hawaondoki. Sisi tukipata abiria tunatawanyika. Wahudumu wa afya wa jamii nao waongezwe, kwa kuwa wameshaijua kila nyumba.

Vifaa viwe mfuko mmoja kwa kila steji: glovu, shashi nyingi, bandeji pana, mikanda miwili ya kubana damu, mkasi na kalamu isiyofutika. Utundikwe kibandani, usifungwe kwa kofuli. Utaibwa? Huenda siku moja. Afadhali kuibiwa shashi kuliko kutafuta ufunguo. Na kwenye ununuzi naomba muwe wakali. Kuna mikanda ya bandia sokoni ambayo kijiti chake cha kusokotea huvunjika mkononi pale hasa unapokaza. Msinunue kwa kuangalia bei ya chini peke yake, na mmoja wa madaktari wenu wa upasuaji ajaribu kila aina kabla hela hazijatoka.

Jambo la mwisho ndilo ninalolitamani kuliko yote. Mhudumu wa bodaboda akimfikisha mgonjwa kasualti, iwe Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, au hospitali ndogo ya kaunti, apewe pale pale shashi na glovu za kujaza alizotumia. Kwa hospitali ni kitu kidogo, lakini mfuko wetu hautaisha baada ya ajali ya kwanza. Na muuguzi amuulize yeye kwanza: umekaza saa ngapi, damu ilikuwa inaruka au inachuruzika? Kwa sasa tunaambiwa tukae nje, na habari tuliyo nayo inabaki nje pamoja nasi.

Anza na steji kumi za barabara hii, kutoka Nyamasaria hadi mpakani mwa kaunti. Steji yetu iko tayari, mkufunzi wako hatahitaji ukumbi wala chai, na Jumapili alasiri ndipo tunapokuwa wengi. Nitashukuru kujibiwa, hapa hadharani nilipoandikia, kuhusu mawili: mafunzo yataanza mwezi gani, na nani katika ofisi yako atakayeulizwa yasipoanza.

Wako,
Mhudumu wa bodaboda, Awasi