"Haikuonekana" si "haimo"

Mhariri,

Juzi sokoni Kongowea, mama muuza omena aliniona nawachambua samaki wake akacheka: "Mzee, usiwe na shaka, redio imesema ziwa limepimwa, hamna sumu." Nilinunua vibaba viwili, lakini neno hilo "hamna" limenikera hadi leo, maana kwa metali zenye sumu maabara huandika "haikuonekana", si "hamna".

Kila mtambo wa maabara una kipimo ambacho chini yake hauoni kitu. Shirika la Afya Duniani linataka risasi (metali, si ya bunduki) katika maji ya kunywa isizidi maikrogramu 10 kwa lita, na kadimiamu, metali nyingine ya sumu, 3. Ikiwa mtambo unaanza kuona kwenye 50, basi "haikuonekana" ni habari ya mtambo, si ya ziwa.

Halafu, walipima nini? Aghalabu ni chupa ya maji yaliyotekwa juujuu. Risasi haielei ikingoja kutekwa. Hung'ang'ania chembe za udongo, ikazama nazo na kulala topeni hadi kitu kiikoroge. Zebaki ina ujanja zaidi. Bakteria wa topeni huigeuza kuwa zebaki ya methili, aina inayokaa mwilini, vijidudu wakaila, samaki wadogo wakala vijidudu, mbuta akawala wote, na kila mlo kiasi kinapanda. Maji yatasomeka safi, na mnofu wa mbuta mkubwa umebeba zebaki maelfu ya mara kuliko maji aliyoogelea. (Kwa zebaki peke yake, omena ana nafuu, na wangu niliwala wote.)

Hata kuteka maji kuna adabu yake. Ujanani tulikwenda Ziwa Jipe tukasahau ndoo ya plastiki Taveta, nami nikatumia ya mabati. Zinki ikatoka juu hadi mkubwa wangu akataka kuandika barua serikalini. Kumbe ni zinki ya ndoo! Tangu siku ile chupa ya plastiki niliilaza na asidi usiku kucha, nikaisuuza kwa maji yaliyokenekwa, na sampuli nikaitia matone ya asidi ya nitriki palepale ukingoni. Usipofanya hivyo, metali hugandia ukuta wa chupa na maabara ikapima yaliyobaki.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kuuliza. Owino Uhuru, mtaa wa hapa kwetu uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, risasi ilipatikana kwenye damu ya watoto na kwenye udongo wa mtaa, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa mjini ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Je, ingekuwaje kama wapimaji wangeridhika na chupa moja ya maji ya mfereji?

Basi Mhariri, ripoti nyingine ya ziwa ikifika mezani kwako, mwambie mwandishi wako apige simu moja kabla ya kuichapisha: mlipima tope la wapi, samaki gani, na mtambo wenu unaanza kuona kwenye ngapi?

Fundi wa maabara mstaafu,
Kisauni, Mombasa