Maji Yamekuwaje Kitenzi?

Tanga,
9 Machi 2024

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi zikufikie huko Morogoro pamoja na shemeji na watoto. Sisi hatujambo, na mguu wa mama umeanza kukubali. Najua nimekaa kimya tangu Idi ya mwaka jana, nawe una haki ya kununa, lakini leo nimeshika kalamu kwa ajili ya mwanao, ambaye tangu aingie Kidato cha Kwanza mwezi Januari amekosa raha kwa jambo moja tu, nalo ni aina za maneno ya Kiingereza.

Juzi jioni nilikuwa nachambua mchele, akaniletea daftari lililojaa wino mwekundu. Zoezi liliwataka wataje aina ya kila neno lililopigiwa mstari, na katika sentensi "I water the flowers every morning" alikuwa ameandika kwamba "water" ni nomino. Akaniuliza huku machozi yakimlengalenga, "Mama, maji yamekuwaje kitenzi?" Nilikosa jibu, kwa sababu fasili amezihifadhi zote nane, kuanzia nomino hadi kiingizi, na kwa fasili aliyopewa, kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, sikuona alipokosea.

Hilo ndilo linaloniuma, rafiki yangu. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, na katika Kiswahili kitenzi hujitambulisha chenyewe: ukiona "ninamwagilia" huna haja ya kuuliza, maana nafsi na wakati vimo humo humo. Lakini "water" ni lile lile, liwe ndani ya glasi au liwe kazi ya mtu bustanini, na aina yake huijui mpaka utazame limekaa wapi katika sentensi na limezungukwa na maneno gani. Fasili peke yake haikumwambia hivyo, na alama ya kosa pembeni mwa daftari haikumwambia pia. Simlaumu mwalimu wake, maana darasa limefurika.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamwandikia sentensi mbili, "Mtoto yule analia" na "Yule analia", nikamwuliza "yule" ni neno la aina gani. Alijibu bila kusita kwamba katika ya kwanza ni kivumishi, kwa kuwa linaandamana na nomino, na katika ya pili ni kiwakilishi, kwa kuwa linasimama mahali pake. Chini yake nikaandika "This book is mine" na "This is mine". Akazitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni yale yale!" Natamani ungeuona uso wake. Akalirudia daftari mwenyewe, akalisahihisha lile "water" kwa penseli.

Tangu hapo tunasogea. Hasemi tena "house big", wala haandiki "goods books" kwa kudhani kwamba kivumishi cha Kiingereza hupatana na nomino kama tunavyosema "vitabu vizuri". Vielezi ndivyo vinavyotutoa jasho. Alikwisha kuzoea kwamba "-ly" ni dalili ya kielezi, kama katika "slowly", mara akakutana na "friendly", ambalo ni kivumishi, kisha na "fast", ambalo ni kivumishi katika "a fast car" na kielezi katika "he runs fast". Vihusishi navyo sijui nivianzie wapi: sisi "mezani" linatutosha, wenzetu wanataka uchague kati ya "on the table" na "at the table", na tukisema "ananipikia", lile "for" lao tumekwisha kulifungia ndani ya kitenzi.

Wewe umefundisha Kiingereza miaka mingi, ndiyo maana nakuandikia. Je, kwako huanza na fasili au huanza na sentensi? Je, ni vibaya nikiendelea kumpitisha kwenye Kiswahili kwanza, au nitamzoesha kutafsiri kila kitu kichwani? Vihusishi unavifundishaje? Na likizo ya Juni, itawezekana aje kukaa nawe wiki mbili, shemeji akiridhia? Mchele na nazi nitampakia. Nijibu upesi, maana wiki ijayo wana jaribio jingine.

Wako akupendaye,
Mama Zuhura