Mwanangu, chuma kibaki kwa mwenyewe

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Picha ulizotuma jana usiku nilizitazama mpaka simu ikazimika, na asubuhi nikamwomba yaya wako, mkubwa wako, aende kuichaji kwa jirani ili nizitazame tena. Mama yako amefurahi kwamba karakana yako ya Kolwezi imeanza kupata wateja wa heshima. Mimi niliona jambo moja tu: bunduki nzima ya yule mteja anayetaka umzibie matundu ya kitako, chuma na mbao pamoja, imelazwa juu ya meza yako ya kazi, karibu na kikombe cha chai.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu ungeniitikia "ndiyo, baba" na kuendelea na msumeno wako. Mrudishie mtu yule chuma chake. Mwite aje mwenyewe, ahakikishe mbele ya macho yako kwamba hamna risasi, afungue skurubu mbili za chini kwa mkono wake, kisha achukue mtutu na kila kilichoshikamana nao, aende navyo nyumbani kwake pamoja na karatasi za kibali, nawe ubaki na mti mtupu. Doria ikipita usiku na kukuta kitako cha mbao kwenye jiliwa, utaeleza kazi yako na utaeleweka. Ikikuta bunduki ya mtu mwingine chumbani mwako, utaeleza nini?

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Kwa jinsi ninavyoiona, ni bunduki ya kuwindia ya mfumo wa Mauser wa 1898, na kama alama ni ya kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, mti huo yaelekea ni mjozi, ambao haumei kwetu. Matundu yasiyotumika ni manne: mawili chini, ambako pete ya mkanda ilihamishwa, na mawili ubavuni kushoto, ambako mtu aliwahi kufunga kibati. Yale mawili makubwa yanayopitisha skurubu za kushikilia chuma usiyaguse kamwe, kwa sababu hayo bado yana kazi.

Uliandika kwamba utayaziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukapaka vanishi juu. Nilisikitika, kwa sababu si hivyo nilivyokufundisha. Mchanganyiko huo ukikauka huwa mweusi kuliko mti, na kwa kuwa gundi imekwisha kuziba kila kinyweleo, hautanywa mafuta ya kitani utakayopaka mwishoni; utabaki na madoa manne kama makovu ya ndui. Usikimbilie pia vile vijiti vya mviringo vya dukani. Nyuzi zake zimesimama, kwa hiyo kinachotazama juu ni kichwa kilichokatwa, nacho hunywa mafuta mengi kikaiva rangi kuliko pembeni. Isitoshe, mbao huvimba na kusinyaa kwa upana, lakini kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki. Ndiyo maana kijiti ulichokisawazisha vizuri wakati wa mvua utakikuta kimechomoza ifikapo Julai, mti uliokizunguka ukiwa umesinyaa.

Kijiti kitumie chini tu, ndani ya tundu, kwa gundi, na ukiache kiishie milimita 5 au 6 kabla ya uso. Juu yake weka kiraka cha mjozi ambacho nyuzi zake zimelala, zikielekea kule kule zinakoelekea za kitako. Usikikate mviringo. Kikate kama jani jembamba lenye ncha mbili, limelala kwa urefu wa nyuzi, kwa sababu jicho hukamata haraka mstari unaokata nyuzi moja kwa moja, na mstari unaopita kwa mshazari hupotea. Tengeneza kiraka kwanza, ukipunguze kidogo chini kuliko juu, kisha kiweke juu ya tundu na uchore mzingo wake kwa ncha ya kisu. Penseli ni nene mno kwa kazi hii. Chimba kwa patasi ndogo ukibaki ndani ya mstari, na umalizie kwa kupunguza unywele mmoja mmoja mpaka kiingie kwa kubanwa.

Kabla ya gundi, futa kuta za tundu kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke safi, mbali na jiko la makaa, kwa sababu mti wa zamani umejaa mafuta na gundi haishiki palipo na mafuta. Kiraka kichomoze milimita 1. Lala usiku, kisha ukipunguze kwa patasi ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Ukienda kinyume, kitamegeka chini ya uso na utarudia yote. Usipige msasa kitako kizima, hasa juu ya mihuri ya kiwanda. Vitambaa vya mafuta ya kitani uvitandaze nje au uvitie majini, kwa maana vikikunjwa pamoja hupata joto vyenyewe na kuwaka.

Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Nimewaambia hivyo mafundi wa hapa kabla sijakuambia wewe, nalo halikuwa sawa. Lakini una haraka, na unaamini maneno ya wateja.

Mama yako anasema hujaisahau adhabu niliyokupa ukiwa darasa la tatu, kwa ajili ya kuingia karakanani bila ruhusa. Siku ile kabatini, nyuma ya misumari, kulikuwa na bunduki ya mwindaji mmoja. Niliipokea kwa kuambiwa ni tupu. Nilipoifungua, wewe ukiwa umekwisha kukimbilia kwa mama yako, haikuwa tupu. Kuufunga ule mlango ilikuwa kazi yangu.

Mlango wenyewe bado upo, na bado una matundu matatu ya kitasa cha zamani. Nitayaziba wiki hii kwa mbao ya mulombwa, maana haivimbi sana mvua zikija. Mabati ya jikoni yamevuja tena upande wa mwembe. Karo ya mdogo wako tumelipa nusu, kwa hiyo ukipata malipo usitume pesa ya nyama, tuma ya shule. Mguu wa mama yako umepona kiasi. Jana alisonga bukari akiwa amesimama.

Yaya wako atafika Ijumaa. Nimempa mguu wa kabati la mjozi ambalo nililikuta likipasuliwa kuni. Unatosha viraka hivyo vinne na vingine vingi. Lowesha mguu na kitako kwa asetoni, uvilinganishe vikiwa vibichi, na uchague sehemu inayofanana. Patasi yangu ndogo nimeifunga katika kitambaa cha samawati, makali juu.

Kabla hujafungua mfuko atakaokuletea, nitumie picha moja ya meza yako. Nataka nione mti peke yake.

Baba yako