Mwanangu, kabla hujapandisha gari kwenye theluji

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Silverthorne, hapa hapa Colorado. Mimi na mama yako hatujambo, na theluji ya huku bado inaanguka ingawa Aprili inakaribia kwisha. Tumefurahi kusikia kwamba umeizoea kazi ya Ouray na kwamba umepata gari. Hiyo 4Runner ni gari zuri, nalijua. Ila uliposema kwenye simu kwamba wenzako wa kazini wanakualika kupanda nalo barabara za milimani kabla theluji haijaisha, maana lina foo-wili, yaani injini inazungusha magurudumu yote manne, hapo, mama, usingizi uliniruka. Nimeona nikuandikie ili maneno haya uwe nayo mkononi, uyasome na kuyarudia.

Foo-wili inakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama haikusaidii hata kidogo. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, hata kile kigari cha jirani yako, na mkikanyaga breki kwenye barafu mko sawa, tena wewe ndiye mzito zaidi. Maana yake ni kwamba gari lako linaweza kukupandisha mahali lisipoweza kukuteremsha salama. Basi kila mlima uupime kwa jinsi utakavyoushuka, na uupime ukiwa bado chini.

Utelezi niliujua Machame kabla sijaijua theluji. Masika, udongo mwekundu ukishalowa, utingo alikuwa anakimbia nyuma ya Land Rover na gogo la kukingia tairi kila tulipokwama. Mengi ya siku zile bado yananifaa leo kwenye gari la kusukuma theluji. Lakini tope uliloliona asubuhi, mchana ni lilelile. Theluji inabadilika. Miezi hii, alfajiri inakuwa imeganda juu, inabeba gari bila shida. Kufika saa sita jua limeilainisha mpaka tairi zinazama hadi kwenye ekseli. Watu wanapanda asubuhi kwa furaha, wakirudi saa nane wanaikuta barabara nyingine kabisa. Na barafu iliyo karibu kuyeyuka, kwenye nyuzi 0 hivi, inateleza kuliko ile ya baridi kali, kwa sababu juu yake pana maji.

Ukifika kileleni, simama kwenye tambarare kabla mteremko haujaanza. Weka gia huru, ingiza L4, yaani foo-wili ya mwendo wa chini wenye nguvu, halafu shuka kwa gia ya chini kabisa, injini ndiyo ishike gari. Sasa hapa nisikilize vizuri. Itafika mahali injini inazungusha tairi polepole kuliko mwendo ambao gari linateleza nao. Utahisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, na pua ya gari haiendi unakoielekeza. Mguu wako wenyewe utakimbilia breki. Usiukubalie. Tairi iliyofungwa na breki haikati kona. Kanyaga mafuta kidogo, kidogo tu, mpaka tairi zizunguke sawa na mwendo wa gari. Usukani utarudi. Ukishainyoosha pua kuelekea chini, ondoa mguu, uiache injini ishike tena. Mwili unakataa jambo hili, kwa hiyo ufundishe kwanza kwenye kimteremko kifupi kisicho na ukuta wala shimo mbele yake. Rudia mpaka mguu uache ubishi.

Na gari likishindwa kupanda katikati ya mlima, usigeuze. Gari hubingirika kirahisi dereva anapojaribu kugeuza pale pale, ubavu ukauelekea mteremko. Kanyaga breki, ingiza rivasi ukiwa bado kwenye L4, achia breki taratibu, urudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe, moja kwa moja, usukani umenyooka.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote ni rundo la theluji lililolala kuvuka barabara. Barabara nyingi za huko kwenu zilichongwa ubavuni mwa mlima kwa ajili ya migodi ya karne ya 19. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde. Upepo unaleta theluji, inajaa kwenye ukuta na kuteremka hadi ukingoni. Tambarare ya barabara inafukiwa, unabaki na ubavu mtupu wa mlima, umeinamia bondeni. Ukiliingiza gari hapo, tairi za upande mmoja zinakuwa juu, za upande mwingine chini, na kila zinapozunguka bure gari linasogea ukingoni. Hapo foo-wili inazidisha ubaya: tairi zote nne zikizunguka bure kwa pamoja, hakuna hata moja inayolizuia gari kwenda kiubavu.

Mwaka mmoja, Juni, nilikutana na rundo la namna hiyo nikiwa na mwenzangu wa kazini. Kwingine kote theluji ilikuwa imekwisha. Hili halikuzidi urefu wa magari mawili, na lilikuwa na alama za tairi za watu waliotutangulia. Tulishuka tukalivuka kwa miguu. Mwenzangu akachoma mpini wa koleo: upande wa ukuta ulizama wote, upande wa bonde uligonga mawe papo hapo. Chini tulisikia maji yakipita. Kisha nikainama kuziangalia zile alama. Za tairi za nyuma hazikufuata za mbele; zilikuwa zimehama kuelekea bondeni kwa upana wa kiganja. Yule mtu alipita, ndiyo, lakini gari lake lilikuwa limeshaanza kuondoka. Tulirudi kinyumenyume mpaka pa kugeuzia. Nakusimulia haya kwa sababu alama za waliopita ndizo zitakazokushawishi, pamoja na sauti za wenzako waliomo garini. Shuka, tembea, choma mpini, angalia alama za nyuma. Wala usizunguke kwa kupita juu ya majani ya pembeni. Kuacha njia kule ni kosa la kisheria, na mimea ya juu kule, miti isikoota tena, huchukua miaka mingi sana kupona.

Kwa hiyo ile njia ya mlimani ya Imogene ambayo wenzako wanaitaka mwezi ujao, iacheni. Ni mita 3,997 kutoka usawa wa bahari, na kwa kawaida haipitiki mpaka mwishoni mwa Juni au Julai.

Hata barabara ya lami ya kwenda Silverton usiidharau. Pale Red Mountain, mita 3,358, kuna sehemu ndefu zisizo na kingo za chuma, ukitoka umetoka. Njiani utaona mnara mdogo wa kuwakumbuka madereva wa magari ya kusukuma theluji waliofukiwa na maporomoko. Simama siku ambayo hali ni nzuri, uwasome majina yao. Wale walikuwa watu wa kazi yangu, waliijua barabara ile kuliko mtu yeyote. Maporomoko mengi yanaanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na barabara yako inaweza kuwa tambarare kabisa huku mteremko huo uko juu ya kichwa chako. Kituo cha taarifa za maporomoko cha Colorado kinatoa kiwango cha hatari, 1 mpaka 5, kila siku ya msimu. Ikifika 3, baki nyumbani.

Vitu vya kubeba unavijua: koleo, mkanda wa kuvutia, minyororo ya tairi, blanketi, maji, chakula. Kwenye theluji laini punguza upepo wa tairi, uujaze tena kabla ya lami. Ukikwama ukataka kuwasha injini upate joto, kwanza fukua theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, ule moshi unaingia ndani, sumu iliyomo haina harufu ya kukushtua, na inaua mtu akiwa amelala.

Leo jioni pima kashata za tairi zako. Sheria ya hapa ikitangazwa barabarani inataka karibu milimita 5, na pia utafute mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ubavuni mwa tairi. Kama haupo, au kashata zimeliwa, niambie kabla ya Jumamosi. Nitakuja na tairi nyingine, tuzifunge pamoja hapo kwako. Mama yako atanipa na maharage yako.

Baba yako