Baiskeli za kukodi Dodoma tunazitaka, ila asubuhi ziwepo kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa moyoni muda sasa. Siku hizi ukikaa kijiweni au hata ofisini kwetu utasikia watu wanasema Dodoma nayo ingekuwa na zile baiskeli za umma, unachukua kituo hiki unaiacha kile, unalipia kwa simu, basi. Wenzetu Kigali walianza 2021, sisi ndo makao makuu ya nchi tunashindwa nini. Mimi nakubaliana nao kabisa, tena ningekuwa mteja wa kwanza. Ila nimewahi kuzitumia baiskeli za hivyo na kuna kitu sisikii mtu akikisema, nacho ni uhakika. Yaani saa moja asubuhi nikifika kituoni, baiskeli ipo au haipo?

Nilisoma mwaka mmoja nje, mji mmoja wa Ulaya, nikajiunga na baiskeli zao nikalipia miezi yote. Wiki za kwanza nilifurahi sana. Baadaye ndo nikaanza kuijua vizuri, naangalia simu inaniambia kituo cha karibu zipo baiskeli nne, natoka mbio na begi langu, nafika moja tairi halina upepo, ya pili cheni imetoka, ya tatu siti imegeuzwa nyuma, na kule siti ikigeuzwa hivyo ni mwenzako aliyetangulia anakwambia usijisumbue hii mbovu, ya nne inaonekana nzima ila kufuli limeng'ang'ania haliachii. Simu bado inasema nne. Na kuna siku unaipata halafu unashindwa kuirudisha, kituo cha jirani na chuo kimejaa hakuna pa kupachika, unazunguka cha pili kimejaa, cha tatu kimejaa, dakika zinahesabiwa na hela inakatwa. Siku ya mtihani nilichelewa dakika 25 kwa sababu hiyo. Msimamizi aliniruhusu kuingia lakini muda hakuniongezea, na sikumlaumu.

Kuanzia siku ile nikawa naamka mapema kama mtu asiye na baiskeli na natembea na nauli ya basi mfukoni kila siku. Hapo ndo naomba wakubwa wanisikilize vizuri. Mfanyakazi akishaanza kubeba hela ya bodaboda kwa sababu haiamini baiskeli, hiyo baiskeli haijampunguzia kitu, imemwongezea gharama ya pili. Mtalii anayetaka kuzunguka Nyerere Square jioni akikuta haipo atakaa anywe soda, mtu anayetakiwa kusaini saa moja na nusu hana nafasi hiyo. Kwa huyu mfumo unaofanya kazi siku tatu kwa wiki ni sawa na hakuna mfumo.

Na sio kwamba ni shida ya maskini. Paris walianza Vélib', baiskeli zao za umma za kukodi, Julai 2007 dunia nzima ikaenda kujifunza kwao, lakini Januari 2018 walipobadilisha mwendeshaji vituo vipya vilikuwa bado havijakamilika, vingi havijaunganishwa na umeme vikawa vinaendeshwa kwa betri, betri zinaisha, baiskeli haziachii, na watu waliokuwa wameshalipa wakakaa miezi wanahangaika. Baiskeli zilikuwepo, hela ilikuwepo, nguzo na nyaya ndo zilikuwa nyuma. Sisi ambao umeme tunaujua wenyewe inabidi tulifikirie hili mapema, kituo kiwe na sola yake, na jua la Dodoma mnalijua.

China nako kulikuwa na kampuni ya ofo, walianzisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking mwaka 2014, baiskeli za njano unaziacha popote bila kituo. Zilimwagwa kwa mamilioni, zikawa zinarundikana barabarani mbovu kwa nzima, na mwisho wa 2018 watu zaidi ya milioni 10 walikuwa kwenye foleni ya kudai amana zao, yuan 99 wengine 199. Kwa hiyo akija mtu hapa na picha za baiskeli 2,000 mpya zinazong'aa, mimi swali langu litakuwa mafundi wangapi, na amana yangu inakaa kwa nani.

Sasa tuje kwetu. Yeyote aliyekulia Dodoma anajua mbigili. Ukitoka tu kwenye lami ukapita njia ya vumbi mita 100, tairi limeshachomwa, na nusu ya mitaa yetu kule Nkuhungu, Nzuguni, Ipagala kufika nyumbani lazima upite vumbi. Baiskeli ya kutoka Ulaya na tairi lake jembamba haimalizi wiki hapa. Yapo matairi magumu yasiyojazwa upepo, yanatikisa mgongo kidogo na ni mazito kukanyaga lakini pancha hayapati, mimi ningechagua hayo bila kufikiria mara mbili. Pia naomba ziwe za bila chuma cha katikati, akina mama wengi wanaenda kazini na sketi, na wengi wao ndo wanaotoa hela nyingi kwa bodaboda kila siku. Na malipo yasiwe ya simu janja peke yake, mwenye kitochi naye abonyeze namba apate baiskeli.

Halafu kuna vilima. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, imejengwa kule juu na vitivyo vimetawanyika, kutoka kimoja kwenda kingine kwa mguu unafika shati limelowa. Pale ndo mahali pazuri pa kuanzia kuliko mahali popote mjini. Lakini mnajua kitakachotokea, watu watateremka na baiskeli asubuhi na hakuna atakayepanda nazo, mchana vituo vya chini vimejaa na vya juu havina kitu. Paris walikutana na hilo hilo, wakawa wanampa dakika 15 za ziada mtu anayeirudisha kituo cha mlimani. Sisi tunaweza kufanya hivyo, na pia canter moja ikapita saa kumi alfajiri kuzipandisha. Dereva wa hiyo canter ni muhimu kuliko programu ya kwenye simu, nasema kwa kuwa nimeteseka.

Mtumba, kule kwenye mji wa serikali, ni habari nyingine. Ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, sitegemei mtu apige pedali hizo kwenda na kurudi kwenye upepo wetu wa Agosti. Ila ukishashuka daladala pale, kutoka wizara moja kwenda nyingine ni mwendo, na hapo baiskeli ingesaidia sana. Vile vile wanaoshuka treni ya SGR, ile reli ya kisasa, tangu ilipofika Dodoma mwaka 2024 watu wanashuka wengi kwa mkupuo, baiskeli kumi hazitatosha dakika tano, kwa hiyo ratiba ya treni na ratiba ya kuzipeleka baiskeli lazima zisomwe pamoja.

Nikiwa mdogo pale Majengo palikuwa na mzee anakodisha baiskeli kwa saa. Alikuwa nazo saba tu. Kila asubuhi kabla hajafungua anazijaza upepo moja moja, anapima breki, anapaka grisi, ikiwa mbovu anaipindua juu chini ukutani na hakupi hata umlilie. Hatukuwahi kurudi kwake kulalamika. Mafundi kama yule bado wapo kwenye vijiwe vya mji huu, wana ufunguo na solushen na wanajua mbigili, sioni kwa nini mradi ukija wasipewe wao mkataba wa kila kituo, walipwe kwa baiskeli nzima zilizopo saa kumi na mbili na nusu asubuhi na sio kwa idadi ya zilizonunuliwa.

Na hiyo idadi ya saa kumi na mbili na nusu iandikwe kila siku kwenye ubao wa kituo tuisome, hata kwa chaki. Waanze na vituo vitano UDOM kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, wakishindwa tujue wameshindwa wapi, wakiweza waje huku kwetu. Mimi naweza kusubiri huo mwaka.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma