Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dalili za Mpenzi wa Maji, za Kujivunia na za Kutibu

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kuogelea hapa Mbeya,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mahudhurio yamebandikwa ubaoni. Kwa hiyo kamati imeomba taarifa ya mwaka huu ijikite kwenye jambo mnalolizungumza wenyewe kila mnapokaa ukingoni mwa bwawa: mtu aliyekolea kuogelea anatambulikaje? Dalili mlizozitaja zinachekesha na ni za kweli. Ila humo zimechanganyika za mapenzi na za kasoro, na kasoro zinatibika.

Tuanze na za mapenzi. Mtu wetu akielekezwa kuwa duka liko mita 300 mbele, kichwani anahesabu raundi sita za bwawani, kwenda na kurudi. Pale kituo cha Kabwe anaposubiri daladala, jicho liko kwenye saa ya mkononi, na hainui mguu mpaka mshale wa sekunde ufike 12, kama anavyoanza raundi bwawani. Akilala chali anatafuta mstari wa dari wa kufuata. Huyo ameiva, mwacheni. Waogeleaji wa mtindo wa mgongo tu niwakumbushe kwamba bwawa letu halina dari, hivyo tegemeeni bendera zilizo mita 5 kutoka ukutani. Hesabu mikono unayopiga tangu upite chini yake hadi uguse ukuta, kwanza ukiwa na nguvu, kisha tena ukiwa umechoka, maana ukichoka idadi hupanda. Mwenye kujua namba zake zote mbili hagongi kichwa.

Sasa kunukia klorini hadi Jumapili kanisani. Wengi mnaihesabu kama nishani, na hapa kamati haikubaliani nanyi. Harufu ile kali, pamoja na macho mekundu, haitokani na klorini kuwa nyingi. Inatoka pale klorini inapokutana na jasho, mafuta ya kujipaka na mkojo, ikazaa kemikali iitwayo kloramini. Bwawa safi halinuki hivyo. Ndiyo maana tunasisitiza kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia, mwili mzima, siyo kulowesha miguu. Na kwenda msalani kwanza, wakubwa kwa watoto.

Upande wa dawa ya maji, yaani klorini, bwawa la mita 25 kwa 10 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina maji mita za ujazo 375. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita kunahitaji gramu 375 za klorini tupu, na kwa unga wenye nguvu ya asilimia 65 hiyo ni karibu gramu 580. Lengo ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Pima pH kwanza, kwa sababu ikipanda juu ya 7.8 klorini hulegea hata ikiwa nyingi. Jaza maji kwenye ndoo ya plastiki, kisha mimina unga taratibu huku ukikoroga. Kamwe usimwage maji juu ya unga, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka usoni. Dawa iwekwe jioni, jua likishatua. Jua huila klorini, na huku kwetu, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, miale yake ni mikali kuliko ya pwani.

Alama za miwani kuzunguka macho hadi mchana ni mkanda uliokazwa kupita kiasi. Miwani inayovuja haiponi kwa kukazwa. Ibandike machoni bila mkanda, bonyeza kidogo, achia. Ikishika sekunde mbili tatu ni saizi yako, isiposhika tafuta nyingine. Usifute vioo kwa kidole upande wa ndani, utando unaozuia ukungu hutoka.

Ngozi kupauka na nywele kukakamaa vina dawa rahisi. Lowesha nywele kwa maji ya bomba kabla ya kuvaa kofia, kwa kuwa nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazifyonzi mengi ya bwawani. Mafuta, yawe ya nazi au ya parachichi za Rungwe, pakeni baada ya kuogelea na kuoga. Mkipaka kabla yanaishia kwenye chujio la mchanga. Vazi la kuogelea suuza kwa maji baridi, kamua kwa kulibana ndani ya taulo bila kulisokota, na lianike kivulini. Lililolegea makalioni limeliwa na klorini nyuzi zake za spandeksi, zile zinazovutika; la poliesta hudumu zaidi.

Juni na Julai ndipo mapenzi hujipima. Alfajiri hewa ya Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na bado mnakuja. Kamati inawaheshimu sana kwa hilo, ila inawasihi msirukie maji. Ingieni kwa ngazi, mshike ukingo mpaka pumzi itulie, kwa sababu baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kutaka, na kama uso uko chini anameza maji. Mkitoka, mwili huendelea kupoa kwa dakika kadhaa. Futeni maji, vaeni juu kwanza, kofia ya sufu kichwani, kisha chai ya Tukuyu yenye tangawizi. Bafu la moto lisubiri mpaka kutetemeka kuishe. Ukiwahi unaweza kuzimia.

Kuhusu safari ya ufuko wa Matema, wenye hamu ya Ziwa Nyasa wazingatie mambo mawili. Pale matete yanapoota na maji yametuama kuna konokono wa kichocho, na kwenye midomo ya mito kuna mamba. Tunaogelea sambamba na ufuko, mbali na sehemu hizo, kofia za rangi kali, mtumbwi pembeni. Kichocho kinaweza kupatikana hata hapo, kwa hiyo wote waliokwenda wapime hospitali wiki sita hadi nane baada ya safari. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa. Ukiimeza mapema mno, minyoo ambayo haijakomaa inabaki.

Maombi ya kamati kwa mwaka ujao ni mawili: dawa mpya ya matone ya kupimia maji, kwani ya zamani hutoa rangi ya uongo, na wanachama wawili wa kufundishwa kuweka dawa ili kazi isibaki kwa mtu mmoja. Mwenye nia amwone katibu leo kabla hatujatawanyika.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti